Sura ya Maandishi ni Sehemu ya Lugha: Mwanafunzi wa Kiswahili Mbele ya Tarakilishi

Wahenga walisema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii inamwafiki barabara mwanafunzi wa Kiswahili ambaye, baada ya miezi mingi ya kukusanya data nyanjani na kuichanganua, humkabidhi mtu mwingine tasnifu yake siku mbili kabla ya tarehe ya kuiwasilisha ili amsaidie “kuipanga”. Nyakati hizo maduka ya huduma za tarakilishi, yale yanayojulikana na wengi kama saiba, hufurika wateja. Mwanafunzi huketi kando ya mchapaji akielekeza kwa kidole: hapa pawe na herufi nzito, pale pasogezwe kidogo, nambari za kurasa zianze upya kwenye sura ya kwanza. Mchapaji hutoza kwa ukurasa. Kazi ikirudishwa na msimamizi kwa kuwa pambizo ya kushoto ni nyembamba mno kwa jalada, mwanafunzi hurudi saibani na kutoa pesa nyingine.

Wapo wanaoshikilia kwamba jambo hili ni dogo. Kwa maoni yao, mwanaisimu ana fonimu na mofimu zake, mhakiki ana fani na maudhui yake, na mambo ya pambizo na nafasi za mistari ni kazi ya makarani. Rai hiyo haina mashiko. Sura ya maandishi ni sehemu ya lugha iliyoandikwa, na anayejiita mtaalamu wa lugha hiyo hana budi kuimiliki kama anavyomiliki sarufi.

Jadi ya Kiswahili yenyewe inathibitisha hivyo. Katika miswada mingi ya tenzi iliyonakiliwa kwa hati za Kiarabu katika upwa wa Afrika Mashariki, ubeti wenye vipande vinne uliandikwa katika mstari mmoja, na vipande vikatengwa kwa alama maalumu ili jicho la msomaji litue pale inapotua pumzi ya mghani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili kwa wakati mmoja, na miswada aliyoiandika inathaminiwa hadi leo kwa uzuri wa hati yake. Mkono uliotunga ndio uliopanga ukurasa. Wazo la kwamba mtunzi amalize kazi yake kisha atafutwe mtu wa kuipa sura lingekuwa geni kwake.

Shule za sekondari nazo hufunza vivyo hivyo. Katika mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, mtahiniwa anayeandika kumbukumbu za mkutano, ripoti au barua rasmi bila kuzingatia sura yake hupoteza alama hata kama sarufi yake haina dosari. Mwanafunzi hukaririshwa pahali pa anwani, pa mtajo na pa sahihi. La kushangaza ni kwamba anapofika chuo kikuu, mwanafunzi huyohuyo huachwa aamini kuwa sura ni jambo la kununuliwa dukani. Aliyekatwa alama kwa kuiweka anwani upande usiofaa hahukumiwi tena na mwalimu wake wa lugha kwa tasnifu ambayo vichwa vyake vya ngazi moja vimeandikwa kwa namna nne tofauti.

Hasara ya kutegemea mkono wa mwingine huonekana wazi zaidi katika ushairi. Mshororo wa tarbia wenye mizani 16 aghalabu hugawika kwenye ukwapi na utao, mizani nane kila upande. Ili autenge utao, mchapaji hubofya kibonye cha nafasi mara kumi au ishirini hadi vipande vionekane vimelingana. Mazoea haya ni urithi wa mashine ya taipu, ambamo herufi zote zilichukua upana mmoja, i na m zikiwa sawa, na kwa hiyo nafasi ziliweza kuhesabiwa. Katika aina nyingi za herufi za tarakilishi, m ni pana kuliko i. Mistari iliyopangwa kwa kuhesabu nafasi huwa imelingana kwa kubahatisha tu. Msimamizi akiagiza ukubwa wa herufi ubadilishwe kutoka 11 hadi 12, utao huyumba, mishororo mingine hukatika katikati na kushuka mstari wa pili, na ubeti wa mishororo minne ukaonekana una sita. Mtahini asiyeufahamu utungo huo ataliitaje umbo analoliona? Ilhali dawa yake ni nyepesi: kuweka kituo kimoja cha kibonye cha Tab kwa beti zote, au kuzitia beti katika jedwali lisilo na mistari inayoonekana. Mwanafunzi anayejua ukwapi ni nini hujifunza hilo kwa muda mfupi. Mchapaji asiyejua ukwapi hana sababu ya kulitafuta.

Fauka ya hayo, programu nyingi huletwa zikiwa zimewekewa Kiingereza kama lugha ya matini, na zisipoelekezwa vingine hukisoma Kiswahili kama Kiingereza kibovu. Mwanafunzi anayeandika kuhusu vitenzi vishirikishi vipungufu na kutoa mfano “Nyumba i wapi?” hushtukia mfano wake umekuwa “Nyumba I wapi?”, kwa kuwa programu imedhani i hiyo ni kiwakilishi cha Kiingereza na kuipa herufi kubwa. Katika matoleo mengi ya Word, neno “mkae” limo kwenye orodha ya makosa ya kusahihishwa bila mwandishi kuulizwa, na hugeuzwa kuwa “make”. Mshairi anayefupisha neno kwa inkisari na kuanza na ritifaa, kama katika 'sione, hupewa alama ya kufungulia dondoo badala ya ritifaa. Mistari myekundu iliyopinda hutapakaa chini ya kila neno, hata macho yakaizoea na makosa halisi ya tahajia yakapita bila kuonwa. Mengi ya haya hukomeshwa kwa kuiteua matini yote na kuitangaza kuwa ni ya Kiswahili, lugha ambayo imo katika orodha ya lugha za programu hizo. Hata hivyo, ni nani atakayelitangaza hilo ikiwa mwenye lugha hakalii kiti kilicho mbele ya tarakilishi?

Kuna kosa jingine lililo kubwa kuliko haya, nalo ni la kimtazamo. Wengi waliojifunza wenyewe huishughulikia programu ya uandishi kana kwamba ni mashine ya taipu yenye kioo. Wakitaka sura mpya ianze kwenye ukurasa mpya, hubofya Enter hadi ukurasa ujae utupu. Wakitaka kichwa, huteua maneno, wakayatia unene na kuyaongeza ukubwa, kisha wakarudia vivyo hivyo kwa kila kichwa hadi mwisho. Yaliyomo huandikwa kwa mkono, nukta zikipangwa moja baada ya nyingine hadi zifikie nambari ya ukurasa. Ikiongezwa aya moja katika sura ya pili, kila nambari inayofuata huwa ya uongo.

Programu hizi zimejengwa kwa msingi tofauti, ambao ni kutenganisha kazi ya fungu la maneno na mwonekano wake. Mwandishi huiambia programu kuwa maneno haya ni kichwa cha ngazi ya kwanza, haya ni ya ngazi ya pili, hii ni aya ya kawaida, na hili ni dondoo refu. Kila kazi hupewa mtindo wake mara moja tu. Akitaka vichwa vyote vibadilike, hubadilisha mtindo, navyo hufuata. Akitaka yaliyomo, programu huyakusanya kutoka kwenye vichwa hivyo na kuweka nambari za kurasa, na kuyasasisha kila anapoiagiza. Akitaka tabaruku, shukrani na ikisiri zipewe nambari za Kirumi na sura zianze na 1, huigawa hati katika sehemu mbili, kila moja na hesabu yake. Marejeleo ambayo mstari wa kwanza hutangulia na ile mingine huingia ndani hupangwa yote kwa agizo moja. Hata ukubwa wa karatasi una kipengele chake: programu iliyowekewa mazoea ya Marekani hupima ukurasa kwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, ilhali printa za Kenya hupewa A4, milimita 210 kwa 297. Mwanafunzi asiyelijua hilo hushangaa kwa nini kazi iliyokaa vizuri kwenye kioo imehama ilipochapishwa.

Mwanaisimu hapaswi kuuona msingi huu kuwa mgeni. Kutofautisha uamilifu wa kipashio na umbo lake ndiko kunakofundishwa katika darasa la sintaksia. Anayeweza kueleza kuwa nomino moja huwa kiima hapa na yambwa pale anaweza kuelewa kuwa maneno yaleyale huwa kichwa hapa na dondoo pale. Isitoshe, anayelazimika kuamua kichwa kipi ni cha ngazi ya kwanza na kipi ni cha ngazi ya pili hulazimika kuuchunguza mjengo wa hoja zake. Wengi hugundua wakati huo kuwa sura yao ya tatu haina mgongo.

Watetezi wa hali ilivyo huwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba si kila mwanafunzi ana tarakilishi. Hoja hii ni ya kweli, lakini anayelipia saa moja ya saibani ili aandike mwenyewe hujifunza, na anayelipia kurasa mia moja huondoka kama alivyokuja. Ya pili ni kwamba maelekezo ya programu ni ya Kiingereza. Hoja hii imekwisha kujibiwa na Waswahili wenyewe. Mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili chini ya jina Jambo, na baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa Windows na Office zenye maelekezo ya Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hupatikana bila malipo na ina kikagua tahajia cha Kiswahili. Inasikitisha kuwa wanafunzi wa Kiswahili wamo miongoni mwa wasiozitumia. Mijadala hurindima kuhusu iwapo chombo hicho kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, ilhali wanaojadiliana hawajawahi kukiamuru kwa istilahi yoyote kati ya hizo. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa. “Pambizo”, “tanbihi” na “mlazo” hazitamwia mwanafunzi maneno ya orodha iwapo kila siku anazibofya.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili hazina budi kulitia somo hili ndani ya kozi ya mbinu za utafiti, na lifundishwe kwa Kiswahili, mazoezi yakiwa ni beti za kupangwa, mazungumzo ya tamthilia yenye majina ya wahusika pambizoni, na faharasa ya kupangwa kwa alfabeti. Vyama vya wanafunzi navyo visingoje idara. Adhuhuri tatu au nne kila muhula, walio katika mwaka wa nne wakiwaelekeza wa mwaka wa kwanza, zinatosha kuwafunza mitindo, vituo, sehemu na uteuzi wa lugha. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kuchapisha upya tasnifu moja iliyorudishwa.

Chanda chema huvikwa pete. Tungo na tafiti za Kiswahili ni chanda chema, na pete yake imo mikononi mwa wenyewe. Siku mwanafunzi atakapoufunga ubeti wake ukwapi kwa utao bila kumwomba mtu, atakuwa amemaliza kazi ambayo Kijuma hakuiachia mkono mwingine.