Mkono wa Karani

Mwaka 1713 tabibu Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba makarani huumizwa na mambo matatu: kukaa kutwa, kurudiarudia mwendo uleule wa mkono, na mkazo wa akili. Miaka 300 na ushei imepita. Katibu muhtasi anayelalamikia ganzi ya vidole bado huitwa mvivu. Ajipake dawa ya kuchua, arudi kwenye kibodi! Nani aliyeamuru kiungo cha binadamu kipindwe ili kiifuate mashine? Leo kompyuta huandika kwa kusikiliza sauti, na wakubwa wanalijua hilo: ujumbe wao huutamka tu kwenye simu, wakiwa garini. Karani hana hata kiti cha kurekebisha kimo. Bajeti, tunaambiwa, imeishia kwenye viyoyozi.