Kutojua hesabu si jambo la kuchekesha

Katika harambee zetu hapa Sachangwan, Kenya, hakosi mtu wa suti atakayeshika kipaza sauti na kusema kwamba yeye na hesabu waliachana kidato cha pili. Watu huangua kicheko. Sijasikia hata mmoja akitangaza kwa furaha kwamba hawezi kusoma. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wakulima wa viazi, na kicheko hicho kinaniuma.

Mwenye suti ana mhasibu. Mama anayekutana na broka shambani hana. Huku viazi huuzwa kwa gunia, nalo hushonewa wavu juu mpaka lionekane limefungwa kilemba, ndiyo maana tunaliita mukorino, jina la waumini wa Akorino wavaao vilemba. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 50. Tuseme bei ni shilingi 2,500: kwa kilo 50, kila kilo ni shilingi 50. Broka akishindilia kilo 80 kwa bei ileile, kilo inashuka hadi shilingi 31. Mama anaona kabisa kwamba anaibiwa, ila hawezi kutaja kiasi, na asipotaja kiasi atabishana vipi? Anaitikia tu, gari linaondoka.

Wengi wa rika langu tulifunzwa hesabu kwa kiboko, tukatoka shuleni tukiamini vichwa vyetu vina kasoro. Mama huyohuyo hupanga mbegu, mbolea, vibarua na karo bila kushika kalamu! Kinachomshinda ni kilo na asilimia, na hizo hazihitaji kipaji. Zinahitaji mtu wa kumwelekeza bila kumdharau.

Asilimia ndiyo inayotumaliza. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza mwaka wa 2012, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Lakini anayekopa shilingi 1,000 kila mwezi, mwaka ukiisha amelipa shilingi 900 za ada peke yake.

Aprili 2025 serikali ilikubali hesabu ibaki ya lazima katika sekondari ya juu. Nilifurahi, lakini hao ni watoto. Sisi watu wazima tunataka darasa la ngumbaru linaloanza na mzani, gunia la viazi na ujumbe wa mkopo kwenye simu, lifanyike alasiri tukishatoka shambani, na mwalimu wake asichoke kuambiwa "rudia".