Zebaki na Mtoto Aliye Tumboni

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kazi ya kuosha mchanga na kuuchanganya na zebaki hufanywa pia na kina mama, na baadhi yao ni waja wazito. Baadaye mchanganyiko huo huchomwa, pengine katika jiko lile lile la kupikia, ili zebaki itoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Kwa hiyo wengi hudhani hauna madhara.

Dhana hiyo ni ya hatari. Zebaki ivutwayo kwa pumzi huingia katika damu ya mama, hupenya kondo la nyuma, na kuufikia ubongo wa mtoto ungali unajengwa. Ile imwagikayo mitoni hugeuzwa na bakteria kuwa sumu kali zaidi, ikajilimbikiza katika samaki.

Ulimwengu ulikwisha kupata funzo hili kwa gharama kubwa. Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga baharini taka zenye zebaki, na maradhi yaliyotokana nazo yakatambuliwa rasmi mwaka 1956. Kina mama waliokula samaki wa ghuba hiyo, wengine wakionekana wazima, walijifungua watoto waliolemaa viungo na ubongo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji huo, unataka uchomaji wa zebaki hadharani na katika makazi ya watu ukomeshwe, na wajawazito walindwe.

Lakini mkataba peke yake hauzimi moto jikoni. Hatusemi wachimbaji waache kazi, maana ndiyo riziki yao. Tunasema uchomaji uhamishwe mbali na nyumba, na utumike mtungi uliofungwa unaonasa mvuke, ambao pia humrudishia mchimbaji zebaki yake. Mja mzito asiiguse kabisa. Hata hivyo, akikatazwa bila kupewa badala atairudia kwa siri, kwani njaa haina subira. Hivyo ni wajibu wa vikundi vya wachimbaji kumpa kazi nyingine bila kumpunguzia mgawo wake. Nao wakunga katika kliniki wamwulize kila mama afanya kazi gani.

Mtoto aliye tumboni hana sauti katika mkutano wa kijiji. Yeye ni amana mikononi mwetu, na mwenye kuhini amana hatajirishwi na dhahabu.