Jiwe la Kwale Liitwe kwa Jina Lake

Sisi wachonga mawe, waashi, wachoma chokaa na wazee wa mitaa, kuanzia Waa na Tiwi hadi Diani na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, tumekubaliana kuanzisha vuguvugu la kulitetea jiwe letu.

Jiwe lenyewe ni tumbawe. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na hapa tulipojenga nyumba palikuwa na miamba hai chini ya maji. Ndiyo maana tindo likipasua kipande timboni, makombe hutokeza yakiwa yameganda humo humo. Marumaru ya Carrara dunia nzima inajua yanatoka Italia. La kwetu likishapakiwa lorini huwa mawe tu.

Msikiti wa Kongo pale Diani, kwenye mdomo wa mto Mwachema, umesimama karne kadhaa kwa jiwe hili na chokaa, na hadi leo watu wanasali ndani. Ngome ya Yesu hatuidai: Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593 waliikalisha juu ya mwamba wa Mombasa wenyewe. Lakini ni jiwe la ukoo mmoja, na UNESCO iliitambua ngome hiyo mwaka 2011. Anayetuambia tumbawe ni jiwe la maskini akaitazame kwanza.

Linalotuuma zaidi ni ukarabati. Ukuta wa tumbawe hupumua. Unyevu na chumvi ya bahari huingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji hukwama, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa saruji ingali ngumu huku jiwe limegeuka unga. Wakati huo fundi ameshalipwa na kwenda zake. Tunadai kila jengo la kale linalolindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 likarabatiwe kwa tumbawe na chokaa iliyolowekwa vya kutosha, na vijana wetu wafundishwe kazi hiyo kwa mshahara, si kwa semina.

Tunadai jina. Sheria ya Alama za Biashara inaruhusu jina la mahali lisajiliwe kuwa alama ya pamoja. Wasusi wa vikapu vya Taita walishapita njia hiyo. Nasi tutaipita, na stakabadhi ya kila lori itaje timbo.

Tunadai hesabu. Sheria ya Madini ya 2016 imeitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Hesabu ya fungu hilo isomwe barazani, kwa sauti, wenye mashamba wakiwapo.

Nasi tunajifunga. Hatutang'oa tumbawe hai baharini, ijapokuwa mafundi wa kale walilichonga mihrabu lingali bichi na laini. Hatutagusa msitu wowote mtakatifu wa kaya; Kaya Kinondo imekaa juu ya mwamba huu huu, na itabaki hivyo. Timbo lililokwisha litafukiwa na aliyelichimba, maana mashimo yanayojaa maji ya masika huzaa mbu, na watoto huyaogelea tukiwa kazini.

Anayekata, anayepakia, anayejenga na anayeswali ndani ya kuta hizi, karibu. Ada hakuna. Sharti ni moja: ukiuza jiwe, mtajie mnunuzi limetoka timbo gani, hata kama hakuuliza.