WAYA YA NYUMBA SI YA PIKIPIKI

Wahenga walisema ajali haina kinga. Leo nawaomba radhi wahenga hao, kwani ajali iliyotupata mimi na mjomba ilikuwa na kinga, nayo yauzwa dukani kwa mita.

Mjomba ana pikipiki aina ya Yamaha ya mwaka wa 1978 aliyorithi kutoka kwa babu. Ni kuukuu, lakini anaipenda kama mboni ya jicho lake. Mwaka jana waya zake zilikuwa zimeoza kwa mvua yetu ya Kakamega, ile ya kila alasiri. Fundi mmoja akazing'oa zote, akatia waya ya stima ya nyumba, nyekundu tupu kutoka mbele hadi nyuma. "Hii inawasha nyumba nzima, itashindwaje na kataa kadogo?" akasema. Mjomba akacheka, akalipa.

Jioni moja mjomba alinichukua shuleni, tukashika njia ya Shinyalu huku mvua ikitunyeshea. Tulipofika kwenye kona, taa ikazimika ghafla. Giza totoro! Tukajikuta mtaroni. Mimi nilichubuka kiwiko tu, lakini mjomba aliumia goti, akachechemea mwezi mzima. Kesho yake tulipochunguza tuliona waya imekatika pale shingoni, usukani unapogeukia.

Kisa na maana? Waya ile ilikuwa na uzi mmoja mnene wa shaba. Ukutani ingekaa kimya miaka na mikaka. Kwenye pikipiki hutikiswa na injini na kukunjwa kila usukani unapogeuzwa. Hebu chukua kipande chake ukikunje na kukikunjua mara nyingi, uone kama hakitakatika. Waya ya magari ina nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, kwa hivyo hupinda bila kuvunjika upesi.

Mjomba aliposikia hayo akasema, "Basi mpwa wangu, tutie waya ya spika ya redio, si ni laini?" La hasha! Hapo nilikumbuka somo la fizikia. Wati ni volti mara ampea. Balbu ya nyumbani ya wati 60 kwenye volti 240 hutumia robo ampea tu. Taa ya mbele ya pikipiki hiyo ni ya wati 25 kwenye volti 6, yaani zaidi ya ampea 4! Kataa kale alikokadharau fundi huvuta mkondo zaidi ya mara 16 ya ule wa balbu. Waya nyembamba ya redio itapata joto, na taa itafifia, kwa sababu volti 6 ni chache mno za kupotezwa njiani.

Kwa maoni yangu, mwenye pikipiki kuukuu azingatie haya. Kwanza, anunue waya ya magari yenye nyuzi nyingi. Ya taa ya mbele na ya betri isipungue milimita mraba 1.5. Pili, akwangue ncha kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, lakini ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Tatu, achague rangi mbalimbali, asije akatafuta hitilafu kama anayetafuta sindano gizani. Nne, atie fyuzi ya kweli, si ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara!

Najua kuna watakaosema kwamba waya hiyo ni ghali. Ni kweli, tulilipa zaidi. Lakini pesa zilizotibu goti la mjomba zilipita bei ya waya yote tuliyoifunga wenyewe wakati wa likizo. Rahisi ni ghali, wandugu.

Wengi wetu hapa shuleni hatulali bweni. Asubuhi na jioni tunabebwa na pikipiki, na nyingine zimetuzidi umri. Tusifikiri kwamba fizikia ni ya mtihani pekee. Fundi akija na waya yake, kabla hujamlipa mwulize swali moja tu: "Hii ina nyuzi ngapi?" Akijibu kwamba ni mmoja, mwambie airudishe ukutani.