Kabla Hujakodisha Gari la Nyumbani



Desemba ikifika Wachagga hurudi nyumbani, na magari ya kukodi huadimika Moshi. Desemba 2022 gari letu lilikuwa limekaa tu hapa Rau. Mimi na baba watoto tukamkodisha mtu kwa harusi, siku 2, tupate ada ya Januari. Likarudi limebonyea ubavu mzima.

Tulikuwa na bima kubwa, lakini ya matumizi binafsi. Gari lenye namba ya njano si la biashara. La biashara hubeba namba nyeupe. Jirani akatushauri: "Semeni mlimwazima ndugu." Tulisema kweli, tukakosa fidia. Ada ikaenda kwa fundi.

Basi dada, kabla hujatoa funguo:

Muulize wakala wa bima, "Nikikodisha, mtalipa?" Jibu liwe la maandishi.

Tazama leseni ya dereva.

Kagueni gari pamoja, mwandikiane.

Kubalianeni kwanza, wewe na mumeo. Sisi tulipata hasara, lakini hatukulaumiana, kwa kuwa tuliamua pamoja. Na watoto walitusikia tukisema kweli.