Kipaji cha Mtoto Hakisomwi Katika Mate Yake

Tangu mwaka 2008, kampuni moja ya Boulder, Marekani, ilipoanza kuwauzia wazazi kwa dola 149 kipimo cha vinasaba ambacho, kwa kusugua pamba ndani ya shavu la mtoto, hudai kubainisha iwapo maumbile yamemwandalia mbio fupi za nguvu au mbio ndefu za ustahamilivu, biashara hiyo imepata wafuasi wengi, na mwaka 2014 Uzbekistan ilitangaza kuwa nayo ingewapima watoto wake ili kuwateua mabingwa wa kesho. Kwangu mimi jambo hili ni dhuluma kwa watoto, hata likiletwa kwa nia njema.

Jeni inayotajwa zaidi ni ACTN3, ambayo huuongoza mwili kutengeneza protini inayopatikana katika nyuzi za misuli ya kasi. Na ni kweli kwamba watafiti wa Australia walidhihirisha mwaka 2003 kuwa wakimbiaji mashuhuri wa mbio fupi aghalabu hawaikosi. Lakini ilhali Wazungu wapatao 18 katika kila 100 hawana protini hiyo kabisa, miongoni mwa Wakenya wasiokuwa nayo ni kama mmoja tu katika 100. Basi kipimo hicho kikiletwa Eldoret, karibu kila mtoto, mwepesi na mzito, atapewa cheti kile kile cha kasi. Fauka ya hayo, wanazuoni waliowapima wakimbiaji wa Kenya wa mbio ndefu hawakuona katika jeni hiyo tofauti yoyote baina yao na Wakenya wenzao wasiokimbia.

Sikatai kwamba urithi una nguvu. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia, ni mwana wa Daniel Rudisha, aliyepata nishani ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti huko Mexico mwaka 1968. Hata hivyo kijana huyo alikuwa akikimbia mita 400, na aliyemtambua kuwa ni mtu wa 800 hakuwa mwenye maabara, bali ni Bruda Colm O'Connell, mwalimu aliyefika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 pasipo elimu yoyote ya ukocha, akajifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, mwaka baada ya mwaka. Utambuzi wa namna hiyo hutaka subira na macho ya mtu aliyeko uwanjani, navyo havinunuliki kwa dola 149.

Mwaka 2015 mabingwa wa tiba ya michezo walikata shauri, katika jarida la British Journal of Sports Medicine, kwamba vipimo hivyo visitumiwe kuteua vipaji wala kupanga mazoezi. Nami naongeza hoja ambayo wazazi hawaifikirii: mtoto wa miaka saba hawezi kutoa idhini, wala hajui kwamba siri za mwili wake zikishahifadhiwa katika ghala la mfanyabiashara, zitakuwa zimefichua pia sehemu ya siri za ndugu zake ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo wizara zetu za michezo na za afya na zipige marufuku kuwauzia wazazi vipimo hivi vya vipaji, kabla mawakala wake hawajabisha hodi shuleni.